Asiyeamini Mungu, Je, Naye Ana Dini?

Februari 2016 Msajili wa Vyama nchini Kenya aliandikisha chama ambacho daftari lake halikuwa na mfano wake: Atheists in Kenya Society, chama cha watu wasioamini kuwa Mungu yupo. Kilisajiliwa chini ya Sheria ya Vyama, sheria ileile inayotumika kusajili makanisa. Hata miezi mitatu haijatimia, usajili ukasimamishwa kwa maelezo kwamba umma umeingiwa na wasiwasi na kwamba utulivu wa nchi ungeweza kuathirika. Wanachama walipinga, chama kikarudi kazini, na mwaka 2022 askofu mmoja akaenda Mahakama Kuu ya Nairobi kuomba kifutwe kabisa. Hoja yake kubwa aliitoa katika utangulizi wa Katiba ya 2010, ambao unakiri ukuu wa Mwenyezi Mungu. Januari 2025 mahakama ilitupilia mbali ombi hilo: Katiba inayomlinda anayeabudu inamlinda pia asiyeabudu.

Muda wote wa mvutano huo, swali moja limekuwa likirudi redioni, mitandaoni na vibarazani. Chama hicho kina mwenyekiti na katibu. Kina wanachama, kinatoa matamko, kinajibizana na maaskofu. Kimewahi hata kuiomba serikali itangaze Februari 17 kuwa sikukuu ya wasioamini. Yote hayo makanisa nayo yanayo. Kwa nini basi ukanamungu usiitwe dini, ukapewa haki za dini na kubanwa na masharti ya dini?

Wanaouliza hawatafuti jibu moja. Muumini hutaka kumwonyesha mkana Mungu kwamba naye anasadiki jambo asiloweza kulithibitisha. Mkana Mungu, hasa aishiye mahali ambapo kukosa dini kunaweza kumfikisha gerezani, hutafuta kivuli cha kujistiri, na neno "dini" lina kivuli kipana. Mwanasheria hutafuta fungu la kumweka mteja wake. Msomi wa dini hutafuta fasili isiyovuja. Kwa sababu hiyo mjadala huu huzunguka palepale: kila mmoja anajibu swali lake na kudhani amejibu la mwenzake. Yakitenganishwa, majibu yanaonekana. Kutoamini kuwa Mungu yupo, kwenyewe, si dini. Watu wasioamini wanaweza kujenga juu ya kutoamini kwao kitu kinachofanana sana na dini, na historia ina mifano ya kutisha na ya kupendeza. Sheria nayo inapaswa kuwalinda kwa uzito uleule inaomlindia muumini, bila kuwalazimisha kwanza kujiita wanadini.

Hoja inayotajwa zaidi ni kwamba kutoamini nako ni imani. Hoja hii ina nguvu katika Afrika Mashariki kwa sababu utamaduni wetu wa kubishana juu ya dini umelelewa na mihadhara. Tangu miaka ya 1980, katika viwanja vya Dar es Salaam na miji mingine, wahubiri wamesimama na Biblia mkono mmoja na Kurani mkono mwingine, wakihojiana juu ya Yesu na Muhammad mbele ya umati. Ukali wa mabishano hayo huficha makubaliano makubwa: pande zote mbili zinakubali kwamba Mungu yupo na kwamba amesema na binadamu kwa maandiko. Ugomvi ni juu ya alichosema na aliyemtuma. Asiyekubali msingi huo hana kiti katika mhadhara, na anapojitokeza, jambo la kwanza analofanyiwa ni kutafutiwa upande: wewe dini yako ni ipi?

Lakini kuna mtu asemaye "nina hakika Mungu hayupo" na kuna mtu asemaye "sijaona sababu ya kuamini kwamba yupo". Wa kwanza ametoa dai, na ana haki ya kudaiwa ushahidi kama mwingine yeyote. Wa pili hajatoa dai lolote juu ya ulimwengu. Ameeleza hali ya akili yake. Wanaojiita wakana Mungu wamo wa aina zote mbili, na wengi wao ukiwauliza kwa utulivu utakuta ni wa aina ya pili. Hata hivyo, tuseme wote ni wa aina ya kwanza. Dai zito lisilothibitishika bado haliwi dini kwa sababu tu limeshikwa kwa nguvu.

Ushahidi bora wa jambo hili umo ndani ya dini zenyewe. Katika mafundisho ya Uislamu na ya Ukristo, Iblisi anajua fika kwamba Mungu yupo. Hana shaka hata chembe. Hakuna sheikh wala padri atakayesema ujuzi huo unamfanya Iblisi kuwa mtu wa dini, kwani dini inadai zaidi: utii, ibada, toba, halali na haramu, jumuiya ya kusali nayo na kuzikwa nayo. Ikiwa kukubali kwamba Mungu yupo hakutoshi kuwa dini, kutokubali kunawezaje kutosha? Wapo pia waumini wa Mungu wasio na dini yoyote, wanaomwomba peke yao chumbani bila msikiti, kanisa wala kitabu. Kuamini au kutoamini ni jibu la swali moja. Dini ni nyumba nzima.

Mpenzi yeyote wa soka wa Tanzania analielewa jambo hili. Mtu asiyeshabikia Simba wala Yanga hana timu ya tatu kwa sababu hiyo, hana timu. Lakini watu kama yeye wakikutana, wakashona jezi, wakatunga nyimbo za kuwazomea mashabiki na kupanga siku ya kukutana kila wiki, wameanza kujenga kitu, na kitu hicho kinaweza kuchunguzwa.

Takwimu nazo zinaonyesha jinsi kundi hili lisivyoshikamana. Sensa ya Kenya ya mwaka 2019 ilihesabu watu 755,750 katika fungu la wasio na dini na wakana Mungu, kama asilimia 1.6 ya wakazi wote. Fungu hilo limewachanganya aliyeacha kusali kwa uvivu, aliyekosana na mchungaji, mzee wa mila ambaye hakuona jina la mambo yake katika orodha, na kijana aliyesoma falsafa akafikia uamuzi. Watu hao hawana wanachokubaliana. Nchini Marekani kituo cha utafiti cha Pew kilichapisha Januari 2024 uchambuzi wa watu wazima wasiojihusisha na dini, ambao ni asilimia 28 ya watu wazima wote. Kati yao, asilimia 17 tu walijiita wakana Mungu na asilimia 20 walisema haijulikani kama Mungu yupo. Waliobaki, asilimia 63, walisema dini yao si chochote mahususi, na wengi wao bado wanaamini ipo nguvu fulani ya juu. Tanzania haina hesabu za namna hii: sensa ya mwisho kuuliza dini ilikuwa ya mwaka 1967, na uamuzi huo wa kuliondoa swali ulikuwa wa hekima.

Tanzania ina mtu, badala ya takwimu. Kingunge Ngombale-Mwiru, mwanasiasa mkongwe wa TANU na CCM na mmoja wa wanaitikadi wakubwa wa vyama hivyo, alijulikana nchi nzima kuwa hafuati dini. Katika viapo ambako wenzake waliinua Biblia au Kurani, yeye alijulikana kwa kutoshika kitabu chochote kati ya hivyo. Watu walimshangaa, wengine walimsema, lakini alihudumu katika serikali na katika chama kwa miongo mingi, na alipofariki Februari 2018 alizikwa Kinondoni, Dar es Salaam, akisindikizwa na viongozi waumini wa dini zote.

Je, Kingunge alikuwa na dini ya kutoamini? Alikuwa na imani kali, hilo halina ubishi, lakini tazama ilikuwa imani ya nini. Azimio la Arusha la mwaka 1967 linafungua kwa sehemu iitwayo Imani ya TANU. Chama hicho kilikuwa na ahadi za mwanachama, sare, nyimbo na walimu wa itikadi. Imani hiyo aliishika Kingunge asiye na dini, akaishika Nyerere, Mkatoliki aliyekwenda misa kila alipoweza, wakaishika Waislamu wa Kariakoo walioijenga TANU tangu siku zake za mwanzo. Nyerere mwenyewe, katika maandishi yake ya miaka ya 1960 juu ya ujamaa, alisisitiza kwamba ujamaa hauhitaji mtu amkane Mungu na wala haumzuii kumkana. Uhusiano wa mtu na Mungu wake ni jambo lake binafsi. Kilichoyaongoza maisha ya Kingunge, yaani usawa na kukataa unyonyaji, alikishiriki na watu wanaosali. Kutoamini kwake hakukuwa na amri, hakukuwa na sala, hakukumwambia amkopeshe nani wala amwoe nani.

Msomi wa dini atasema hapa: subiri kidogo. Mwenye nyumba hii ya dini ni nani hata aamue kwamba lazima iwe na Mungu ndani? Pingamizi hili ni la maana kuliko lile la mihadhara. Mwaka 1871 Mwingereza Edward Tylor alieleza dini kuwa ni kuamini viumbe wa kiroho. Kwa kipimo hicho mkana Mungu yuko nje moja kwa moja, lakini sehemu kubwa ya Ubuddha na Ujaini inabaki mlangoni, kwani Wajaini hawana Mungu muumba na Buddha hakuijenga njia yake juu ya Mungu. Hakuna atakayesema Ubuddha si dini, wenye watawa, mahekalu, hija na sala za maiti. Ndipo mwaka 1912 Mfaransa Émile Durkheim akaja na kipimo kingine: dini ni mfumo wa imani na matendo kuhusu vitu vitakatifu, vilivyotengwa na vya kawaida, unaowaunganisha wanaoufuata kuwa jumuiya moja ya kimaadili. Mungu hayumo katika fasili hiyo. Wanaotaka kuuita ukanamungu dini hukimbilia kwa Durkheim.

Wanakimbilia bila kusoma masharti. Durkheim anataka kitu kitakatifu, matendo ya pamoja na jumuiya. Mkana Mungu wa kawaida, yule aliyeandikwa na karani wa sensa ya Kenya mlangoni kwake, hana hata kimoja. Hana alichokitenga kuwa kitakatifu kwa sababu ya kutoamini kwake, hakutani na yeyote, hana tendo. Ubuddha unaingia kwa Durkheim kwa mlango mkubwa, na yeye anabaki nje.

Afrika Mashariki imechangia mjadala huu wa fasili kuliko inavyokumbukwa. Mkenya John Mbiti, katika kitabu chake cha mwaka 1969 juu ya dini na falsafa za Kiafrika, alishikilia kwamba maisha ya Mwafrika yamelowa dini tangu kuzaliwa hadi baada ya kifo, kiasi kwamba hakuna asiye na dini. Mganda Okot p'Bitek alimjibu yeye na wenzake kwa ukali mara baada ya hapo. Kwa maoni yake, wasomi hao waliwavisha wazee wetu kanzu ya Kigiriki: walichukua dhana za Wacholi na wengine kuhusu nguvu mbalimbali, wakazipa sifa za Mungu wa wanateolojia wa Ulaya, ili ionekane kwamba Waafrika walimjua Mungu huyohuyo tangu zamani. Ugomvi huo unagusa mada hii moja kwa moja. Ikiwa Mbiti yuko sahihi, Mwafrika asiyeamini ni kitu kisichowezekana, na hivyo kutoamini kwake lazima kuelezwe kuwa dini nyingine au ugonjwa wa kuiga wazungu. Ikiwa p'Bitek yuko sahihi, walikuwapo babu zetu walioishi maisha kamili, wakalea, wakazika na kuadhibu wezi, bila wazo la Mungu mmoja muumba wa vyote. Uzito wa hoja uko upande wa p'Bitek angalau kwa hili: hatuwezi kumnyima mtu nafasi ya kutoamini leo kwa kumtangazia kwamba damu yake inaamini.

Sasa tuwatazame wale walioshona jezi.

Novemba 1793, katikati ya Mapinduzi ya Ufaransa, kanisa kuu la Notre-Dame jijini Paris liligeuzwa kuwa Hekalu la Akili, na mwanamke aliyevaa kuwakilisha Uhuru akaketishwa mahali pa heshima huku watu wakiimba. Ibada hiyo ya Akili haikudumu mwaka. Robespierre, aliyeuchukia ukanamungu, aliiondoa mwaka 1794 na kuweka yake ya Kiumbe Mkuu. Nusu karne baadaye mwanafalsafa Auguste Comte alianzisha Dini ya Ubinadamu, na safari hii mwenyewe aliiita dini, yenye kalenda, makuhani na sakramenti, ambayo mungu wake ni binadamu wote waliopita, waliopo na watakaokuja. Wafuasi wake walikuwa na nguvu Brazili. Maneno "Utaratibu na Maendeleo" yaliyo katika bendera ya nchi hiyo yanatokana na fikra zake, na hekalu lao lilijengwa Rio de Janeiro.

Mfano mzito zaidi ni Muungano wa Sovieti. Mwaka 1925 iliundwa jumuiya ya wapiganaji wasioamini Mungu, ikawa na gazeti, wahadhiri, matawi viwandani na vijijini, na katika kilele chake ilidai wanachama mamilioni. Badala ya ubatizo zilibuniwa sherehe za kuwapa watoto majina ya kimapinduzi, zilizoitwa kwa jina la mwezi Oktoba. Mwili wa Lenin ulihifadhiwa jijini Moscow tangu mwaka 1924 na watu wakapanga foleni kuuzuru. Desemba 1931 kanisa kuu la Kristo Mwokozi jijini humo lilibomolewa kwa baruti. Mapadri waliuawa kwa maelfu, na misikiti ya Asia ya Kati ilifungwa. Jumuiya ile ilivunjwa mwaka 1941, Stalin alipohitaji kanisa limsaidie kuhamasisha vita. Albania ilikwenda mbali zaidi: mwaka 1967 ilipiga marufuku dini zote, na marufuku hiyo ilidumu hadi mwaka 1990.

Hii ilikuwa dini? Durkheim angeona vitakatifu, matendo na jumuiya, na angekuwa na haki ya kusema ndiyo, au karibu na ndiyo. Lakini kilichoabudiwa pale kilikuwa chama na mapinduzi na kiongozi. Kumkana Mungu kulikuwa kipengele kimoja tu cha imani hiyo, na ndicho kilichotumika kuondoa mshindani. Wahanga wa ukatili huo hawapaswi kusahauliwa na mtetezi yeyote wa haki za wasioamini. Wanatukumbusha kwamba dola inaweza kumlazimisha mtu kutoamini kama inavyoweza kumlazimisha kuamini, na kwamba mlango wa uonevu wa kwanza haufungwi kwa kufungua wa pili.

Norway inatoa mfano mwingine kabisa. Human-Etisk Forbund, jumuiya ya wafuasi wa ubinadamu, yaani mtazamo wa maisha unaojenga maadili juu ya binadamu bila Mungu, iliyoanzishwa mwaka 1956, ina wanachama zaidi ya 100,000 katika nchi yenye watu milioni tano na ushei. Inaendesha sherehe za kuwapa watoto majina, harusi, mazishi, na ile inayopendwa zaidi: kipaimara cha kiraia, ambapo vijana wa umri wa miaka 15 hivi husoma kozi ya maadili na fikra kisha hupongezwa mbele ya wazazi ukumbini. Tangu miaka ya 1980 serikali huipa ruzuku kwa kichwa cha kila mwanachama, kama inavyozipa jumuiya za Waislamu, Wakatoliki na wengine. Sheria ya Norway haikuilazimisha jumuiya hiyo ijiite dini; iliunda fungu linalobeba vitu viwili pamoja, jumuiya za imani na jumuiya za mtazamo wa maisha. Ubelgiji nayo ilibadilisha katiba yake mwaka 1993 ili washauri wa maadili wasio wa dini walipwe na serikali kama mapadri na maimamu, nao huwahudumia wagonjwa hospitalini na wafungwa magerezani. Uskoti imetambua kisheria harusi zinazofungishwa na wafuasi wa ubinadamu tangu mwaka 2005.

Karibu na kwetu, mjini Kasese, magharibi mwa Uganda, wafuasi wa ubinadamu walianzisha shule ya msingi mwaka 2011, katika nchi ambako shule nyingi kongwe zilizaliwa misheni. Jambo la kuangalia katika mifano hii ni kwamba watu hawa hawakusanywi na kutoamini. Wanakusanywa na mambo ambayo binadamu yeyote anayahitaji: mtoto apewe jina mbele za watu, maiti aagwe kwa heshima, mgonjwa aketiwe karibu. Dini zimeyafanya hayo kwa karne nyingi na kwa ustadi mkubwa, kiasi kwamba asiye na dini akiyafanya huonekana anaiga. Yapo pia majaribio mepesi ya namna hiyo. Januari 2013 wachekeshaji wawili jijini London walianzisha Sunday Assembly, mkutano wa Jumapili wenye nyimbo, hotuba na chai, bila Mungu. Ulienea haraka kwenye miji mingi ya Ulaya, Marekani na Australia, kisha ukapungua. Kutoamini hakukutosha kuwaamsha watu asubuhi ya Jumapili.

Mahakama za Marekani zimelisukuma swali hili mbali kuliko zote, na zimetoa majibu yanayoshangaza mtu wa nje. Mwaka 1961 Mahakama ya Juu iliamua kesi ya Roy Torcaso wa Maryland, aliyenyimwa kazi ya kuthibitisha hati kwa sababu alikataa kutamka kwamba anaamini Mungu yupo. Alishinda. Katika tanbihi ya hukumu hiyo mahakama ilitaja kwamba zipo dini nchini humo zisizofundisha kuwepo kwa Mungu, na katika orodha, pamoja na Ubuddha, iliweka ubinadamu wa kisekula. Tanbihi hiyo ndogo imetumika tangu wakati huo na kila upande. Mwaka 1965 mahakama hiyohiyo ilisema anayekataa vita kwa dhamiri halazimiki kuamini Mungu kwa namna ya kawaida, mradi imani yake inashika katika maisha yake nafasi ileile ambayo Mungu anaishika kwa muumini. Mwaka 2005 mahakama ya rufaa ilimpa ushindi mfungwa wa Wisconsin, James Kaufman, aliyenyimwa ruhusa ya kuanzisha kikundi cha wakana Mungu gerezani wakati wafungwa wa dini mbalimbali waliruhusiwa vikundi vyao. Kwa madhumuni ya Katiba, ilisema mahakama, ukanamungu ni dini ya Kaufman.

Maneno "kwa madhumuni ya Katiba" ndiyo yenye uzito wote. Katiba ya Marekani ya karne ya 18 inataja dini tu. Haitaji dhamiri wala imani nyingine. Jaji anayetaka kumtendea haki mfungwa asiyeamini hana chombo kingine ila kuunyoosha mpaka wa dini hadi umfikie. Ni haki iliyopatikana kwa njia ya kuzunguka, na njia hiyo ina gharama. Mwaka 1987 jaji mmoja wa shirikisho huko Alabama aliamua kwamba ikiwa ubinadamu wa kisekula ni dini, basi vitabu vya kiada visivyomtaja Mungu vinaieneza dini hiyo kwa fedha za umma, akapiga marufuku vitabu zaidi ya 40 katika shule za huko. Mahakama ya rufaa iliibatilisha hukumu hiyo mwaka huohuo, lakini somo lilibaki. Ukiita kutoamini dini, kila kitu kisichomtaja Mungu kinaweza kushtakiwa kuwa mahubiri: hesabu, historia, hata somo la upishi.

Kwingine duniani suala hili halihusu vitabu vya kiada. Mubarak Bala, rais wa jumuiya ya wafuasi wa ubinadamu nchini Nigeria, alikamatwa Aprili 2020 kwa maandishi yake Facebook kuhusu Uislamu, akahukumiwa miaka 24 jela na mahakama ya Kano mwaka 2022. Mahakama ya rufaa iliipunguza hukumu hiyo hadi miaka mitano, na aliachiliwa Januari 2025. Nchini Indonesia, Alexander Aan, mtumishi wa umma aliyeandika mtandaoni kwamba Mungu hayupo, alifungwa miaka miwili na nusu mwaka 2012. Nchi hiyo inatambua rasmi dini sita, na kitambulisho cha raia kina nafasi ya dini. Saudi Arabia, katika kanuni zake za mwaka 2014, iliuweka ukanamungu miongoni mwa matendo ya ugaidi. Mtu aliye katika hali hiyo akisema "nami nina dini yangu, iheshimuni" asichekwe. Anatafuta mlango wa dharura.

Lakini mlango mpana zaidi upo, na nchi za Afrika Mashariki tayari zimeujenga. Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilieleza mwaka 1993 kwamba uhuru wa dini katika mkataba wa kimataifa wa haki za kiraia na kisiasa unalinda imani za wanaoamini Mungu, za wasioamini, na haki ya kutokuwa na dini wala imani yoyote. Kifungu cha 32 cha Katiba ya Kenya kinataja kwa pamoja dhamiri, dini, fikra, imani na maoni. Ibara ya 19 ya Katiba ya Tanzania inalinda mawazo na imani pamoja na uchaguzi katika mambo ya dini. Katiba ya Uganda, katika ibara ya 29, imevigawa: fikra, dhamiri na imani zina kipengele chake, na dini kipengele chake. Waandishi wa katiba hizi walifanya kazi nzuri ambayo wenyewe tunaisahau. Jaji wa Nairobi au Dodoma hahitaji kuzunguka kama jaji wa Marekani. Asiyeamini analindwa kwa jina lake, kama mtu mwenye dhamiri, na hakuna haja ya kumbatiza.

Tatizo letu liko chini ya katiba, katika mambo ya kila siku. Kiapo cha Kenya kinaruhusu mtu kuthibitisha badala ya kuapa kwa jina la Mungu, lakini mtumishi anayeitumia nafasi hiyo hutazamwa kama aliyeficha jambo. Shuleni nchini humo mtoto hupewa elimu ya dini ya Kikristo, ya Kiislamu au ya Kihindu, na mtoto wa wazazi wasio na dini huingizwa katika moja ya hizo. Msibani, familia ya asiyeamini huhangaika kumtafuta wa kuongoza maziko, na mara nyingi marehemu huishia kusomewa maneno aliyoyakataa maisha yake yote. Hakuna hata moja kati ya haya linalodai kwamba kutoamini kuitwe dini. Yanahitaji ofisa, mwalimu na mjumbe wa kamati ya maziko wanaojua kwamba nafasi ya dini katika fomu inaweza kuachwa wazi.

Kenya inakaribia kulikabili swali hili kwa sura mpya. Baada ya mauaji ya Shakahola huko Kilifi, ambako tangu mwaka 2023 imefukuliwa miili zaidi ya 400 ya wafuasi waliohimizwa kufunga hadi kufa, kikosi kazi kilichoongozwa na Mchungaji Mutava Musyimi kilikabidhi ripoti Julai 2024 na kupendekeza sheria ya kusimamia mashirika ya kidini. Sheria kama hiyo lazima iseme shirika la kidini ni lipi. Ikitumia kipimo cha kumwamini Mungu, itawaacha nje Wabuddha na kumpa tapeli yeyote njia ya kukwepa kwa kubadilisha msamiati. Ikitumia kipimo kipana cha mtazamo wa maisha, itawakusanya wakana Mungu, wafuasi wa ubinadamu na pengine vyama vya wasomaji wa falsafa, na kuwapa msajili uwezo wa kuwachunguza watu kwa yale wanayoyafikiri. Lililo salama ni kuangalia mamlaka ambayo kundi linayo juu ya mwili wa mtu, mali yake na watoto wake. Hapo chama cha wasioamini Mungu kitaulizwa maswali yaleyale anayoulizwa mchungaji: fedha mnazokusanya zinakwenda wapi, nani anazikagua, na mwanachama akitaka kuondoka anafanywa nini. Swali la mwisho chama hicho kilishalijibu hadharani Mei 2021, katibu wake alipojiuzulu akisema amempata Yesu Kristo. Kilitoa taarifa, kikamshukuru kwa kazi yake, kikamtakia heri katika uhusiano wake mpya na Yesu, na kutangaza kwamba nafasi ya katibu iko wazi.